Wanaume wa 40 kwenda juu, daktari wenu mlimpatia wapi? Sijauliza hospitali, nauliza DAKTARI

Kobe wa Mbagala #1
Habari zenu wakuu, niende kwenye mada.

Nina miaka 47. Mwezi wa tatu tumemzika mzee wetu, saratani ya tezi dume, imekuja kugundulika ikiwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Mwaka mzima alikuwa analalamika kiuno na sisi tunamchua tu na dawa za kuchua. Arobaini ilipoisha kaka mkubwa akasema watoto wa kiume wote tukapime. Nikajitutumua nikaenda.

Nimekaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi, saa saba kasoro ndo naingia. Chumba kimoja meza mbili, meza ya pili kuna mama mtu mzima anaelezwa mambo yake ya uzazi, yaani mi namsikia na yeye ananisikia. Daktari macho kwenye kompyuta, "mzee shida nini". Nikamwambia sina shida nimekuja kucheki afya. Hapo sasa ndo akaniangalia. "Huumwi?" Siumwi. "Sasa umefuata nini?" Yule mama akacheka, cha ajabu na mimi nikacheka, aibu tu. Nikaona nitafute ugonjwa haraka haraka nikasema mkojo unakuja kwa kukatika katika na unachoma (ni kweli lakini sikupanga kulisema pale). Akaandika PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) na dawa za UTI, mkojo wenyewe hajaupima, dakika nne nipo nje.

Jana nimepewa majibu dirishani kama mtu anayechukua chenji. PSA 6.1, pembeni kuna herufi H wino mzito. Dokta wa siku ile hayupo, aliyekuwepo kaniambia nirudi Jumatatu nikaonane na wa mambo ya mkojo. Usiku sijalala.

Sasa swali langu sio dawa. Mke wangu ana nesi wake, namba yake anayo toka mimba ya kwanza, mtoto akikohoa saa nane usiku anampigia. Mimi nina fundi wangu wa gari, nina kinyozi wangu, nina hadi mtu wangu wa nyama pale buchani. Daktari sina. Nyie wenye nao mliwapataje? Na kwa nini sisi wanaume tunafikishwa hospitali tukiwa tumeshaiva?

mtoto wa Tandika #2
Pole na msiba mkuu. Sababu ni moja tu na wote humu mnaijua ila mnazunguka. KIDOLE, kile daktari anachopimia tezi kwa kupitia nyuma. Mengine porojo.

Sultani Mstaafu #3
Nakazia hapo kwenye kidole. Ngoja nivute kiti.

Chuma Chakavu #4
#2 sio kweli bana, wengi tunaokimbia hospitali hata hicho kidole hatujafika kukisikia. Mi naendesha semi Dar Tunduma mwaka wa 19 huu. Sisi tunachoogopa ni karatasi. Ukipimwa ukakutwa na presha bosi akijua gari anapewa mwingine, wewe unaambiwa kapumzike mzee. Sasa nani ataenda kutafuta karatasi ya kujifukuzia kazi? Halafu muda. Kliniki zinafunguliwa muda ambao mi nipo Kitonga nahesabu kona. Ukifika Makambako usiku kilicho wazi ni duka la dawa na baa.

Mama Wawili #5
Samahani kaka zangu naingilia mada ya wanaume. Mume wangu nilimpeleka kwa uongo, nilimwambia naumwa tumbo nisindikize, tumefika nikamwandikishia yeye. Alininunia siku tatu. Alikutwa sukari ya kufunga 11 na anajiona mzima, kukojoa usiku mara nne alikuwa anasema ni maji ya chai. Kwa hiyo kaka Kobe usiseme tezi tu ndo inaamsha watu usiku.

mtoto wa Tandika #6
Dada huo ni utekaji 😂😂

Nesi wa Zamu #7
Mleta mada pole. Nimefanya zahanati na vituo vya afya miaka 22 nikwambie ninachokiona mimi.

Mwanamke tunaye toka akiwa mjamzito. Kadi, uzito, presha, damu, akijifungua anarudi na mtoto kila mwezi, hapo hapo unampima na yeye. Mwanaume akishamaliza chanjo za utotoni hatuna tena mlango wa kumwingizia, labda avunjike au aje kumsindikiza mkewe, na akija anabaki nje anachezea simu. Angalia hiki kichekesho sasa: mwanaume ambaye yupo CTC, kliniki ya VVU, anatumia dawa vizuri, huyo kila akija anapimwa uzito, anaulizwa kikohozi, anaulizwa hali, ana namba ya faili na mtu anayemjua kwa sura. Mzima wa umri wake hajafungwa kile kitambaa cha presha mkononi toka ameingia JKT. Yaani ili mwanaume awe na mhudumu wake inabidi kwanza aumwe.

Kuhusu 6.1 usijimalize. PSA ikizidi 4 maana yake tuendelee kuchunguza, haimaanishi saratani. UTI inaipandisha, tezi iliyovimba kwa umri tu inaipandisha. Na wewe umesema mkojo unachoma, sasa walipima PSA wakati una maambukizi? Hapo ndo ningeanzia.

Kobe wa Mbagala #8
Asante sana nesi, hilo hakuna aliyeniambia. Leo nitakula angalau.

Profesa wa Kijiweni #9
Mnajidanganya na madaktari. Mobutu alikuwa na hela kuliko nchi yake, madaktari wa Ulaya wote chini ya miguu yake, tezi dume, akafa nayo huko huko Uswisi. Siku ikifika imefika.

Mwana Katanga #10
Apana Profesa. Mobutu alipasuliwa Uswisi mwaka 1996, lakini kufa alifia Rabat, Morocco, Septemba 1997, na akazikwa kule. Alikuwa amechelewa sana, na vita ya Kabila ilikuwa inamfuata nyuma.

Sultani Mstaafu #11
Na Profesa usichukue mmoja ukaacha wengine. Mandela alitibiwa tezi hiyo hiyo mwaka 2001 kwa mionzi, akafa 2013 ana miaka 95 na kilichomuua ni mapafu. Askofu Tutu aligundulika 1997 akaishi mpaka 2021. Mzee Biden nae mwaka 2025 wakatangaza imeshafika kwenye mifupa, na yule alikuwa na madaktari wa Ikulu mlangoni. So hapo sijui utasemaje.

Profesa wa Kijiweni #12
Nitasema kile kile, siku haijafika.

Baridi Leicester #13
Niko Uingereza, huku mtu anaandikishwa kwa GP, kliniki ya mtaani kwako, ukihama unahamishia. Kuanzia miaka 40 hadi 74 England wanakuita kila miaka mitano kupima presha, lehemu, sukari, uzito. Wananiita kwa mesiji kabisa. Mwaka wa kwanza nilidhani ni matapeli nikafuta.

Lakini msione raha sana. Kwa tezi dume huku hawakuiti, ukifika 50 unaomba mwenyewe wakueleze faida na hasara ndo wapime, na takwimu zao wanasema mwanaume mweusi 1 kati ya 4 ataipata maishani, wengine ni 1 kati ya 8. Nimeomba nikiwa na 46 kwa sababu baba mdogo alikuwa nayo, dokta wa kwanza akanikatalia, wa pili kliniki ile ile akanipa fomu bila maneno. Kwa hiyo hata penye mfumo bado ni bahati ya umekutana na nani. Na dakika ni kumi tu, ukianza kusalimia kiswahili swahili muda umekwisha.

Mtu wa Data #14
Naomba niwe mchawi kidogo. Hiki kipimo mnachokimbilia kina kelele zake. Jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani mwaka 2012 lilisema wanaume wasipimwe PSA kiholela, madhara yanazidi faida. Watu walikuwa wanakutwa na kisaratani kinachotembea kama konokono, kisingewaua, wanapasuliwa wanabaki hawashiki mkojo na nguvu za kiume zimekwenda. 2018 wakalegeza, miaka 55 mpaka 69 mtu aamue akishirikiana na daktari wake, 70 na kuendelea asipimwe.

Someni hapo tena, AKISHIRIKIANA NA DAKTARI WAKE. Yupi? Huyu wa dakika nne wa Kobe? Ushauri wote wa kizungu umejengwa juu ya mtu ambaye sisi hatuna.

Dokta Mjukuu #15
Mtu wa Data uko sawa kwenye miaka, ila ongezea kwamba tafiti kubwa zilizotumika kuamua hayo zilikuwa na watu weusi kiduchu sana, na sisi ugonjwa huu unatupata zaidi na mapema zaidi. Ndio maana mwenye baba au kaka aliyeugua anashauriwa mazungumzo yaanze 45, wengine wanasema hata 40 kama wagonjwa kwenye ukoo ni zaidi ya mmoja. Kobe hapo umo.

Pili, hata PSA ikiwa kati ya 4 na 10, wakichukuliwa vinyama vya tezi kwenda kupimwa, wengi hawakutwi na saratani, ni kama mmoja kati ya wanne.

Sasa kidole, maana nimeona mmekisubiri. Mimi ni daktari wa kike, nilianza kazi nina miaka 26, na nimeshawafanyia wazee wengi hicho kipimo. Mzee wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa, aliniangalia akasema "wewe ni sawa na mjukuu wangu kwa Neema". Nikamwambia babu ni kweli, sasa mjukuu anaomba ruhusa. Nikamweleza kabla hajavua: utalala ubavu wa kushoto, magoti uyavute kifuani, nitavaa glavu na mafuta, utasikia kama haja kubwa inakuja lakini haiji, nahesabu mpaka kumi nimemaliza, ukisema basi naacha. Pazia nimevuta, mlango nimefunga komeo, nesi wa kiume yupo. Alipomaliza kuvaa kofia akaniuliza "ndo hicho tu? Miaka saba nakimbia hicho?" Tezi yake ilikuwa kubwa laini, uvimbe wa uzee. Ikiwa ngumu kama kifundo cha kidole au ina vijiwe hapo ndo nashtuka, na sababu ya kwenda kwa njia hiyo ni kwamba saratani nyingi zinaanzia upande wa nyuma ambao kidole kinaufikia.

Na Kobe nikuulize bila aibu maana hakuna anayekujua. Siku mbili kabla ya kutoa damu ulifanya tendo la ndoa? Uliendesha baiskeli?

mtoto wa Tandika #16
Kobe jibu swali la daktari 😂😂😂 jamvi zima tumenyamaza

Kobe wa Mbagala #17
Dah. Baiskeli ndiyo, nilinunua baada ya msiba ili nifanye mazoezi, natoka Mbagala mpaka Kongowe na kurudi kila asubuhi. Na hilo lingine… mama watoto alikuwa kwao wiki tatu, alirudi Jumapili, damu nimetoa Jumatatu. Mnielewe tu.

Sultani Mstaafu #18
PSA 6.1 ya Jumapili hiyo 😂😂 mpeni mtu haki yake

Dokta Mjukuu #19
😂 Basi ungeingia kwangu ningekusubirisha. Maambukizi yatibiwe kwanza baada ya kupima mkojo, zipite wiki sita, siku mbili bila tendo na bila baiskeli, halafu urudie. Lakini Jumatatu nenda kwa huyo wa mkojo usiache, mweleze yote haya na historia ya mzee. Usiende kumwambia daktari wa jamvini kasema.

Mzee wa Mayai #20
Mi nilisoma kwamba ukifanya mara 21 kwa mwezi tezi haikugusi. Sasa mnakataza tena?

Mtu wa Data #21
Ni utafiti wa Harvard wa 2016, wanaume kama elfu 32 waliofuatiliwa miaka mingi, wengi wazungu na wote wa sekta ya afya. Waliosema 21 au zaidi walikutwa na saratani pungufu kuliko waliosema mara 4 hadi 7. Haijathibitisha kwamba ndo sababu, inawezekana mwenye nguvu ya mara 21 ni mtu mwenye afya tayari.

Mama Wawili #22
Na hizo 21 mnataka na nani? Mimi kesho naamka saa kumi alfajiri.

Mzee wa Mayai #23
Nimefunga mjadala, hali ya uchumi hairuhusu.

Chuma Chakavu #24
Huku njiani wenzangu wanakunywa vile vidonge vya nguvu za kiume na vumbi la Kongo juu yake. Mwana Katanga mnatumaliza.

Mwana Katanga #25
Ndugu, ile vumbi huku sisi hatuijui na jina hilo. Mnaisaga wenyewe halafu mnatupa sifa.

Dokta Mjukuu #26
Hapo kwenye vidonge nisimame kidogo. Nguvu zikianza kupungua kwa mtu wa 40 na kitu, mara nyingi ni mishipa. Mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaziba au kushindwa mapema, moyo unafuata miaka kadhaa mbele. Mwanaume akinunua kidonge kimya kimya dukani amezima taa ya kwenye dashibodi, gari bado linaenda. Chuma Chakavu wewe hiyo utaielewa. Na mwenye dawa za moyo za kuweka chini ya ulimi akichanganya na hivyo vidonge presha inaanguka ghafla, anaweza asiamke.

Chuma Chakavu #27
Nimekuelewa sana. Taa ya oili hiyo. Sasa niambie nitaenda kumwambia nani hiyo habari, pale dirishani mbele ya watu?

Bin Kibokoni #28
Salaam kutoka Mombasa. Mie nawaunga mkono kina Nesi. Huku kwetu Kenya tangu SHA, bima mpya ya afya, ishike nafasi ya NHIF mwezi wa kumi 2024 watu twajisajili, lakini kusajiliwa si kuwa na daktari, ni kuwa na namba tu kwa simu. Mie wangu nilimpata kwa njia ya ajabu. Nilimpeleka mamangu kliniki ya presha kila mwezi, miaka miwili, daktari ni kijana wa Lamu hivi. Siku moja akanambia "nawe keti, nipe mkono". 158 kwa 100. Tangu siku ile ndiye wangu. Sikumtafuta, alinitia mkononi.

Na uzuri wa yule mtu ni adabu yake. Akiingia mgonjwa husimama. Kama hana dawa asema sina.

Profesa wa Kijiweni #29
Wewe ulipata daktari kwa baraka za mama. Imeandikwa.

Shamba la Bibi #30
Niongeze la kwangu, refu kidogo mnisamehe. Mjomba wangu wa Tanga alikuwa anakojoa kwa kukamua miaka mitatu. Hakwenda hospitali, na sio kwamba alikosa hela au aliogopa kidole, alikuwa na daktari wake tayari, yule muuza dawa za mitishamba pale stendi. Na nikwambie ukweli yule mtu alikuwa anamsikiliza. Anamkalisha kwenye kigoda, anamuuliza umelalaje, mke hajambo, anamshika bega. Dawa ni unga wa mbegu za maboga na vitu vingine kwenye chupa ya Konyagi. Mjomba alikuwa anarudi ana furaha kabisa.

Usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Saa tisa tumbo limejaa kama ngoma, mtu mzima analia, tukampakia bajaji kila shimo anapiga kelele. Wakamwekea mpira, zikatoka karibu lita moja na nusu, akalala hapo hapo usingizi wa kukoroma. Alikaa na ule mpira miezi mitano akisubiri upasuaji. Ijumaa anaenda msikitini mfuko ameufunga pajani kwa kipande cha leso, kanzu juu, anasali nyuma kabisa karibu na mlango ili akisujudu mtu asione. Haikuwa saratani, ilikuwa uvimbe wa kawaida. Miaka mitatu ya kukamua kwa kitu kilichokuwa na dawa, na siku hizo zote alikuwa "anatibiwa".

Ndo maana nasema na hawa wa hospitali wajifunze kwa yule wa stendi. Sio dawa yake, kigoda chake.

Nesi wa Zamu #31
Umesema jambo. Ila muwe na huruma kidogo, yule wa kigoda ana wateja sita kwa siku. Dokta wa Kobe siku ile huenda aliona themanini na akienda chooni watu wanasema kakimbia.

mtoto wa Tandika #32
Themanini ndo aulize "umefuata nini"? Hapana nesi hapo umewabeba.

Ziwa Zone #33
Na kwetu Kanda ya Ziwa msisahau kichocho. Mtu anakojoa damu anaambiwa tezi tezi, kumbe ni kichocho cha kuogelea kwenye madimbwi toka utotoni, na kikikaa miaka mingi kinaleta saratani ya kibofu. Mi nilikojoa damu nikiwa na 41 nikajiandikia wosia kabisa. Dada mmoja wa maabara ndo aliniuliza "umekulia wapi?" Shinyanga kijijini. Akapima mkojo, mayai ya kichocho yamejaa, nikameza praziquantel. Madaktari wawili kabla yake hawakuuliza nimekulia wapi.

Kijana wa Damu #34
Njia yangu mimi ni rahisi, nachangia damu. Mwanaume inaruhusiwa kila miezi mitatu. Watu wa Damu Salama wanakupima uzito, presha, wingi wa damu, halafu damu yako inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Bure na soda juu. Nimejua nina presha ya kupanda panda kwa njia hiyo.

Nesi wa Zamu #35
Hongera kwa kuchangia ila nisahihishe, usichangie KWA AJILI ya kujua VVU. Maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo na hiyo damu akapewa mzazi anayejifungua. Ukitaka kujua hali yako kuna kitepe cha kujipima mwenyewe, sheria iliruhusu toka 2019. Presha na uzito sawa, hapo napokea.

Bima Bima #36
Hakuna aliyetaja hela. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni 2023 tukashangilia. Mimi bodaboda, PSA private nimelipa elfu 40, hiyo ni siku mbili za kazi. Mtu haachi kucheki afya kwa sababu ya ujinga, anapiga hesabu.

mtoto wa Tandika #37
Ila jezi mpya ya Yanga ulinunua wiki ya kwanza.

Bima Bima #38
Simba mkuu, usinitukane.

Kobe wa Mbagala #39
MREJESHO. Wakuu samahani nilipotea, wiki ya nane hii.

Jumatatu ile nilienda kwa wa mkojo. Mkojo ukapimwa, maambukizi yalikuwepo kweli, nikatibiwa, nikasubiri wiki sita. Baiskeli nikaning'iniza ukutani, na lile lingine siku mbili. PSA 3.3. Kidole nimefanyiwa, Dokta Mjukuu alisema hesabu kumi, mimi nilifika saba. Tezi imekua kidogo lakini laini, wamesema kwa ajili ya mzee nirudie kila mwaka.

Lakini habari yenyewe sio hiyo. Katikati ya kusubiri nilipita zahanati ndogo nyuma ya soko kununua panadol, kuna afisa tabibu mmoja, kijana, akaniambia mzee kaa kwanza. Akaniweka kimya dakika tano, weka simu, shusha mguu usikunje nne, mkono juu ya meza. Akapima mara tatu kaandika zote kwenye daftari, ya mwisho 162 kwa 98. Hakunipa dawa siku ile, kaniambia nirudi kesho kutwa na siku nyingine tena. Siku ya tatu ndo akasema ni presha. Akanieleza kidonge kinaweza kuvimbisha miguu, "ikivimba usiache dawa, nipigie", akaandika namba kwa kalamu juu ya boksi. Halafu akafunga mlango akauliza mambo ya chumbani yapoje, hakucheka, akasema dawa nyingine za presha zinagusa huko, ukiona mabadiliko uniambie tubadilishe, wengi wanaacha kimya kimya. Nilitoka pale nikamwambia mke wangu na mimi nimepata nesi wangu.

Yaani nahangaika na tezi kumbe mwizi yupo dirisha la pili.

Dokta Mjukuu #40
Nimefurahi mno. Hiyo ya kupima mara tatu na kurudi siku nyingine ndio inavyotakiwa, wengi wetu tunaruka. Mshikilie huyo.

Chuma Chakavu #41
Zahanati ipi hiyo mkuu? Na inafungwa saa ngapi?

Kobe wa Mbagala #42
Ndo nilikuwa namalizia. Juzi nimeenda kuchukua dawa za mwezi wa pili nimemkuta mdada mgeni, hajui hata daftari lipo wapi. Yule kijana kaondoka, kapata ajira ya serikali, wamempangia Songea.

mtoto wa Tandika #43
Daaah. Tumerudi #1.

Sultani Mstaafu #44
Namba yake si ilikuwa kwenye boksi?

Kobe wa Mbagala #45
Boksi mtoto kalichongea gari la makaratasi. Tarakimu nne za mwisho zipo.

Mkulima wa Tangawizi #46
Songea sehemu gani mkuu? Mi nipo Songea.